Zamu ya Mlango

Siku ya zamu yake, bibi mshonaji huweka cherehani kizingitini alinde nyumba, maana mlango haupo. Uko mtaroni, umelazwa chali, watoto wanapita juu yake kwenda shule. Tangu daraja la serikali lichukuliwe na maji, watu wa kichochoro walijipangia: leo mlango wa huyu, kesho wa yule. Serikali ilisema itakuja kupima. Ikasema tena.

Siku hiyo mawingu yalikuwa yameshuka mpaka mabatini bibi alipomwona afisa wa manispaa, na nyuma yake wanaume wawili wamebeba mlango wake.

“Nani kajenga daraja bila kibali?”

“Daraja liko wapi, mwanangu? Huo mlango. Tazama, hata kitasa kipo.”

“Bibi, usinichezee.”

“Nikuchezee, wewe rika la kitinda mimba wangu? Nirudishie, watoto hawajarudi kutoka shule.”

Wakaupakia kwenye pikapu, wakaenda zao. Mvua ikaanza.

Mjukuu wake yuko darasa la pili, na kungoja hajui. Akiona maji, anaruka. Bibi akaacha nguo sindanoni, akakimbilia kwa seremala, jirani yake.

“Fundi, ng’oa wako.”

“Nimeupaka rangi jana, bibi. Haujakauka.” Hakumtazama usoni. “Na wakiuchukua, nilale na vibaka?”

Kichochoro kizima kilikuwa kimejifungia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka.

Mtaroni maji yalishaanza kunguruma. Ng’ambo watoto wamesongamana, mjukuu mbele yao, viatu mkononi.

“Bibi, niruke?”

“Thubutu! Simama hapo hapo.”

Akageuka huku na huku. Pembeni ya mtaro ilikuwa ofisi ya mtaa, imefungwa kama ilivyo desturi yake. Mlango wa mbao ngumu, mpana, bawaba ziko nje.

“Fundi,” akaita, “na huu una rangi mbichi?”

Seremala akautazama. Akacheka puani, akafuata bisibisi.

“Kesho wakija je?” aliuliza, skrubu za mwisho ziko mdomoni.

“Wataikuta ofisi iko wazi. Itakuwa mara ya kwanza.”

Majirani wawili wakafungua milango yao, wakatoka; waliubeba watu wanne. Ukafika ng’ambo, na urefu ukabaki. Maji yalikuwa yanaulamba kwa chini mjukuu alipokanyaga. Katikati akasimama, akainama kwenye maandishi meupe chini ya miguu yake, akaanza kuunganisha herufi.

“Hu… du… ma… kwa…”

“Usisome,” bibi akamwambia, mkono ameunyoosha. “Vuka.”