Vigelegele vya Daraja la Kwanza

Semina ilichelewa kuanza kwa sababu mgeni rasmi alikuwa bado anakunywa chai. Ilifanyika ghorofani, katika ukumbi wa hoteli moja pale Nyamagana, jijini Mwanza, na bango lililotundikwa mbele lilisema: Fursa za Biashara katika Sekta za Michezo na Anasa Nchini India. Adoyo alikaa nyuma, karibu na feni, sambusa yake ikiwa juu ya kitambaa cha karatasi. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Buzuruga wanaoshona mikoba ya ngozi ya sangara, na alikuja na mikoba kadhaa ndani ya mfuko. Wengine walileta asali na vikapu. Mzee mmoja wa Kisesa alileta ngoma.

Afisa biashara alieleza, huku akionyesha picha ukutani, kwamba matajiri wa India wanaongezeka kila mwaka, na kwamba mtu akishakuwa na pesa nyingi hutafuta pa kuzionyeshea, na siku hizi huzionyeshea viwanjani. Watu waliandika. Umeme ukakatika. Wakakaa gizani wakitafuna, kwa subira ya wateja wa siku nyingi. Umeme uliporudi, Adoyo alipiga kigelegele, kama afanyavyo mwanamke yeyote mwenye malezi umeme unaporudi.

Mgeni kutoka Mumbai, mama mmoja mfupi mwenye saa ya dhahabu, tangu asubuhi hakuwa amegusa mkoba wala kikapu. Sasa aliweka kikombe chini akauliza ile sauti inauzwaje.

Hakuna aliyeshangaa. Mwanza husafirisha minofu ya samaki ng'ambo na kubaki na mapanki, yaani vichwa na miba, kwa hiyo watu wake wanajua kwamba chochote walicho nacho kinaweza kuwa na mwenyewe mbali. Yule mama alifafanua. Kwenye viwanja vipya vya kriketi kuna vyumba vya vioo kwa ajili ya wakubwa. Humo ndani ni baridi, watu hula kwa vijiko vidogo, na wanaona haya kupiga kelele. Lakini mechi bila shangwe haina ladha. Walishajaribu kukodi watu wa kushangilia, lakini hao walitokwa jasho. Kilichotakiwa ni furaha safi, iliyotengenezwa kwa mikono, ya kufungua pale inapohitajika.

Wiki iliyofuata wakala wake alifungua chumba nyuma ya benki moja pale Nyamagana. Aliitwa Masele, kijana mpole wa Kisukuma aliyewahi kununua dengu na mabondo, yaani vibofu vya samaki, na aliyemwamkia kila mama kabla ya kumpima. Mama aliweka mdomo kwenye kichupa cha kioo, akapiga kigelegele, Masele akafunika upesi. Kisha alikiinua sikioni akakadiria daraja. Chenye kikohozi kilishushwa. Chenye jina la mtu ndani yake kilikataliwa kabisa, na hapo wengi walikwama, maana wanawake wa ziwani hawajui kushangilia hewa. Kila kigelegele kina mtu wake. Vilivyofaulu vilipangwa kwenye maboksi ya barafu, yale yale ya minofu, vikapanda ndege.

Vya Adoyo vilikuwa daraja la kwanza tangu siku ya kwanza. Alijifunza kumwondoa mtu na kubakiza sauti. Alimfikiria marehemu mumewe Zadok akirudi na mtumbwi umejaa, kisha akamtoa Zadok, akatoa na mtumbwi. Siku nyingine alimfikiria binti yake Sharon siku ya kipaimara, akamtoa Sharon. Baada ya kila kichupa koo lilipata ganzi kidogo, kama mdomo baada ya sindano ya meno, na yale mambo aliyoyafikiria yakabaki bila joto. Alikumbuka kwamba mtumbwi ulikuwa umejaa. Hakukumbuka kwa nini lilikuwa jambo jema.

Mtu atauliza akina mama wazima na akili zao walifikiri nini. Walifikiri hivi. Kikundi chao ndicho kilichohudumia misiba ya mtaa mzima. Walilia kwa majirani, kwa wageni, kwa watu waliowachukia, mwaka hadi mwaka, na kilio hakijawahi kuwaishia. Wakapiga hesabu zao kwamba furaha nayo ni hivyo hivyo, ukichota inajaa. Hakuna aliyekuwa amewahi kuichota kwa wingi ili aone.

Adoyo peke yake alikuwa na wasiwasi, akaweka akiba. Sharon alikuwa mjamzito, mume wake yuko machimboni Geita, na mtoto huyo angekuwa mjukuu wa kwanza. Kwao, kule Shirati, mtoto akitoka tumboni lazima bibi yake ampokee kwa kigelegele. Ndipo mtoto anajua kwamba ameshafika kwa watu, analia, ananyonya, anaitwa jina. Kwa hiyo Adoyo alibakiza kimoja, akakikalia kooni, akawa hata kucheka hacheki, kisije kikamponyoka.

Ikaja siku ya boksi la mwisho la msimu. Kilipungua kichupa kimoja, na gari la uwanja wa ndege lilikuwa linanguruma nje.

"Mama Sharon, nakuomba," Masele alisema. "Boksi likienda na nafasi wazi, barafu itayeyuka, vyote vitaharibika. Vya wenzako wote."

Adoyo alisema anacho, ila kina mwenyewe.

"Mwenyewe amezaliwa?"

"Bado."

"Basi hadi azaliwe utakuwa umepata kingine."

Wenzake walikuwa wamekaa kwenye benchi wakimtazama. Tumbo la Sharon lilikuwa bado dogo. Adoyo alimfikiria mjukuu wake mikononi, mweusi, amelowa, akamtoa, akapiga. Alikula mbegu, kama wasemavyo wakulima, na aliila mbele ya mashahidi. Masele alisikiliza kile kichupa kwa muda mrefu kuliko vingine, akasema hajawahi kupata cha namna hiyo.

Sharon alijifungua kwenye zahanati, asubuhi, bila shida yoyote. Alikuwa mtoto wa kiume. Nesi Sabina alimfuta, akamgeuza, akampiga kofi dogo la mgongoni. Mtoto alifungua macho akatazama dari. Alikuwa wa moto, moyo wake ulikwenda vizuri, alipumua. Hakulia. Alipowekwa titini aliacha mdomo wazi maziwa yakamwagika shingoni.

"Nani amempokea?" Nesi Sabina aliuliza.

Adoyo alifungua mdomo. Ulimi wake ulicheza kama ulivyocheza maisha yake yote, lakini iliyotoka ilikuwa pumzi tu. Mama mmoja wa kitanda cha jirani alijaribu kumsaidia, naye ikatoka pumzi, kwani alikuwa mwanakikundi. Nesi mwenyewe alikuwa ameuza vyake siku za mapumziko. Wote watatu walisimama midomo wazi kuzunguka kitanda, kisha wakaifunga.

Nesi Sabina aliandika kwenye kadi: amezaliwa, hajafika. Alimweleza Sharon amdondoshee maziwa kwa kijiko, na kwamba mtoto wa namna hiyo anaweza kukaa hivyo kwa siku chache, lakini si nyingi. Sharon hakulalamika. Alisema tu, "Mama, kile cha mwanangu ulisema umekiweka." Adoyo alijibu kwamba alikiuza. Ilimuuma kusema hivyo, au alijua kwamba ilipaswa kumuuma, na kwa siku zile hakuona tofauti.

Walimleta nyumbani. Alikuwa mzito wa macho na mwepesi wa mwili, na kila kulipokucha alikuwa mwepesi zaidi. Jina alilotengewa lilikuwa Zadok, la babu yake, lakini huwezi kumwita aliye bado njiani, kwa hiyo hawakumwita kitu.

Adoyo akaenda Nyamagana. Masele alimpa shikamoo, akampa na kiti. Alimsikiliza hadi mwisho, akasikitika kweli, kwa kuwa alikuwa mtu mwema. Akaeleza kwamba mzigo umeshafika na vichupa vyote ni mali ya vyumba vya vioo. Alichokuwa nacho ni kimoja kilichokataliwa, cha mama mmoja wa Igoma. Alimpa bure.

Kile kichupa walikifungulia sikioni mwa mtoto. Kilikuwa na nguvu na kikohozi kidogo, na ndani yake kulikuwa na jina: kilimshangilia Ngosha, aliyefaulu darasa la saba. Mtoto alisikiliza. Alipoona si yeye anayeitwa, aligeuza uso ukutani.

Adoyo alirudi kwa Masele. Safari hii Masele alikuna kichwa, akasema kurudisha hawezi, ila kusikia si dhambi. Mechi zinaonyeshwa. Baa ya Chenge, karibu na stendi ya Buzuruga, huwasha kriketi ya India kila jioni kwa sababu vijana wa mikeka ya kubashiri wanaibetia. Chenye ubora kama kile hakiwezi kufunguliwa hovyo, alisema. Watakitunza hadi jambo kubwa.

Basi wakawa wanaenda. Sharon alikaa na mtoto kwenye kiti cha plastiki chini ya televisheni, Adoyo pembeni yake na soda moja ya wote wawili. Kriketi hawakuielewa, lakini walielewa vichupa. Mpira ukipigwa vizuri, kamera ilipanda juu kwenye vyumba vya vioo, ambako watu waliovaa vizuri walikuwa wamekaa wima, na mtumishi mwenye glavu nyeupe alikuwa anafungua kifuniko. Adoyo alizitambua sauti. Hii ya mama Precious wa kikundini. Hii ya nesi. Mtoto alizisikia akabaki akitazama dari, na Sharon akamdondoshea maziwa kwa kijiko. Jioni moja kijiko kilirudi kimejaa kama kilivyokwenda, na Sharon akayamwaga maziwa, akakiweka kando ya soda.

Jioni hiyo hiyo kijana mmoja mrefu, ambaye Adoyo hakumjua jina wala timu, aliupiga mpira ukapanda, ukapita taa, ukaangukia nje ya uwanja. Vijana wa baa walisimama. Kule juu mtumishi alipewa ishara, akatoa kichupa kilichokuwa kwenye kasha lake peke yake.

Kilianza chini, kikapanda, kikavunjika katikati kama vilivyovunjika vya mama yake Adoyo na vya bibi yake, kikapanda tena. Uwanja mzima ulisikia. Adoyo alikitambua kama mtu anavyotambua gauni lake limevaliwa na mwingine. Alingoja kufurahi. Hakufurahi, koo lilikuwa na ganzi, na ganzi ilikuwa imeshuka hadi kifuani. Kule India yule mrefu aliinua gongo lake juu, akapokea.

Kilichobaki kilifika Buzuruga kupitia spika iliyopasuka. Mtoto alikakamaa. Alikunja ngumi, akatazama huku na huku kama abiria aliyeamshwa kituoni, akafungua mdomo, akalia. Alilia kwa sauti kubwa, ya mtoto aliyechelewa, hadi chupa mezani zikatetema. Sharon alimweka titini, akanyonya, akaacha, akalia tena, akanyonya.

"Zadok," Sharon alimwita.

Vijana walikuwa wanajaribu kusikia matokeo. Mmoja aliomba sauti ya televisheni iongezwe, mwingine akasema hata ikiongezwa hawatasikia. Chenge alitoka nyuma ya kaunta akifuta mikono, akainama karibu na Adoyo, akamwambia kwa heshima zote kwamba anampa hongera, lakini anaomba wampeleke mtoto nje, maana mechi ilikuwa haijaisha.