Mwano wa Nyanjige

Wifi yangu Nyanjige ni mbishi, na ubishi wake umenichosha miaka mingi. Lakini siku ile mahakamani Bariadi nilimshukuru Mungu kwa ubishi huo huo.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko huria lilipoingia. Chama cha ushirika kilikosa nguvu, na wanunuzi binafsi wa pamba wakaota kijijini kwetu kila kona. Mmoja wao alikuwa Marcelo, Msukuma mwenzetu wa kutoka Magu, mtu wa tumbo kubwa na maneno mengi. Alizungushia uwanja wake mabati, akaweka mizani, akachimba shimo la choo karibu na njia ya kuingilia, halafu akalifunika kwa turubai tu. Pamba ikapeperuka na kulala juu ya turubai. Nyanjige akaingia na furushi kichwani, hata miguu yake haioni, akatumbukia.

Alivunjika mguu chini ya goti. Kule chini akapiga mwano, lile yowe la hatari ambalo kwetu ukilisikia unatupa jembe na kukimbilia linakotoka. Asiyekimbia hutozwa ng'ombe, na siku akifiwa yeye, hakuna anayekwenda kwake. Watu walipofika walimkuta ameshatolewa, amelala ukingoni mwa shimo. Mimi nilimkuta kwenye mkokoteni akitukana kwa sauti, nikajua hatakufa.

Mguu ukaunga vibaya. Daktari akasema lazima apasuliwe na kuwekewa vyuma katika hospitali kubwa, la sivyo kulima basi. Mjane asiyelima atakula nini? Nyanjige akaenda kwa Marcelo kudai matibabu, akakuta shimo limeshafukiwa na juu yake imemwagwa changarawe.

"Shimo gani, mayu?" Marcelo akamwambia, akimwita mama kwa Kisukuma chetu. "Wewe ulianguka na mkokoteni wako huko barabarani."

Kuvunjika mguu alivumilia. Kuitwa mwongo hakuweza. Akafungua kesi.

Marcelo alikuja na wakili kutoka mjini, kijana wa suti nyeusi ambaye Kisukuma hakijui hata salamu. Aliwapangua mashahidi wetu mmoja mmoja: huyu shemeji, huyu binamu, yule jirani, wote wamekaa wakapanga uongo. Hakimu, mama mmoja wa miwani, alikuwa anaandika tu. Kisha Marcelo akapanda kizimbani, akaapa, akasema uwanjani kwake halijawahi kuchimbwa shimo. 

Hakimu akamuuliza Nyanjige kama ana swali. Akasimama na magongo yake.

"Wifi, mkazanie hilo shimo," nikamnong'oneza nikimvuta gauni. Akanipiga kofi mkononi.

"Mwangaluka, baba," akamwamkia Marcelo kwa adabu zote.

"Mwangaluka, mayu."

"Mimi la shimo sikuulizi. Nakuuliza la mwano. Siku ile mwano ulilia, hawa wote wakakimbia. Wewe ulikuwa hapo hapo mizanini. Kijijini wanasema uliusikia ukakaa. Ni kweli?"

Wakili akaruka kupinga, swali halihusiani na kesi. Marcelo hata hakumsikia. Alikuwa anautazama ukumbi, umejaa Wasukuma hadi madirishani, na wote wanamtazama yeye. Shingo ikamvimba.

"Nani anasema nilikaa? Mwano naujua tangu nanyonya. Mimi ndiye nilifika wa kwanza. Nani alishuka akakubeba kabla ya hao kufika? Si mimi? Shati langu lilichanikia humo humo shimoni."

Wakili akajifunika uso kwa mafaili. Mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko kikaenea hadi nje. Marcelo ndiye aliyeelewa wa mwisho.

"Ni kweli, mheshimiwa," Nyanjige akasema. "Alifika wa kwanza, akanibeba. Nilikuwa sijamshukuru. Wabeja, baba."

Hukumu ilipotoka, Marcelo aliamriwa agharamie matibabu yote na kumfidia msimu aliopoteza. Nikapiga kigelegele. Karani akanikemea, nikaongeza kingine.

Msimu wa pili yake, mguu ulikuwa umepona, labda kuchechemea kidogo asubuhi zenye baridi. Wanunuzi walikuwa tele, angeweza kuuza kokote. Lakini mbishi ni mbishi. Alijitwika furushi kubwa kuliko la mwaka ule, akanyoosha moja kwa moja hadi kwa Marcelo, mimi nyuma yake nikimsihi tugeuze.

Marcelo alipomwona aliacha mizani, akaja mbio hadi getini.

"Mayu, lete mkono nikushike."

"Nipishe, baba," Nyanjige akasema.

Akapita juu ya changarawe, pale pale palipokuwa na shimo, na hakutazama chini.