Usishuke Stendi ya Kwanza

Katika karakana ile ya sare za shule, aliyesafiri alilipa nauli kwa mdomo. Ndiyo iliyokuwa sheria yao. Ukitumwa jijini kununua vitambaa au vipuri vya cherehani, siku ya kurudi kazini mashine zote zilizimwa saa ya chai, ukakalishwa juu ya jora uliloleta mwenyewe, ukaambiwa, haya, lipa. Wenzako walishona pindo kwa mkono, wakanywa chai na kukusikiliza. Hawakutaka zawadi. Walitaka kujua umelala wapi, nani amekupunja, na wao wakijaliwa kwenda, wapite njia ipi.

Aliyejua kulipa nauli hiyo kuliko wote walimwita Pasipoti, ingawa mpaka wa nchi yake hajauona hata kwa mbali. Alikuwa mkata nguo, mwanamke mrefu, mcheshi, mwenye mikono isiyotulia. Akikalia jora, hata bosi alitoka ofisini na kikombe chake, akaegemea mlango.

"Jiji lile lina stendi mbili," alisimulia aliporudi mara ya kwanza. "Ya kwanza iko nje kabisa, lakini kondakta anavyoitaja kwa madaha, utadhani ndiyo pepo yenyewe. Mimi huyooo, nikashuka. Basi likaondoka na watu wote ndani, wananitazama dirishani wananisikitikia. Nimetembea jamani! Kiatu kikafungua mdomo kikaniambia, dada, mimi naishia hapa. Kwa hiyo mkienda, msishuke stendi ya kwanza. Subirini ile kuu. Na viatu vipya acheni nyumbani, vaeni vile mnavyojuana navyo."

Kaka Pasi, mpiga pasi wao, alicheka mpaka akasahau sketi mezani, ikatoka na alama ya pasi makalioni. Bosi mwenyewe alicheka, hakumkata hata senti.

Basi kila safari ilikuwa hivyo. Asubuhi ukienda, kaa upande wa dereva, kwa sababu upande wa pili jua linakubanika sikio moja tu, unafika jijini una rangi mbili. Nyumba ya wageni, omba chumba cha uani, maana vya mbele vinatazama barabara na wapiga debe wanaamka kabla ya jogoo. Vitambaa, nunua ghorofa ya juu kabisa, kwani wavivu wote wananunua chini na bei ya chini imeshajua hilo. Ukipotea, muulize mwenye duka. Mpita njia ataona aibu kusema hajui, atakuelekeza popote, kisha ataendelea na safari yake.

Mmoja tu ndiye hakuwa akicheka, na si kwamba hakusikia. Huyo alikuwa Mama Vifungo, aliyekaa dirishani na sinia lake la vifungo, akitoboa vitundu na kushikiza. Nusu ya watoto wa mji ule walifunga mashati kwa mkono wake. Pasipoti alikuwa wifi yake, dada wa mumewe kabisa, tumbo moja.

Tuseme ukweli, maana wivu ukizungukwa unanenepa: Mama Vifungo alikuwa na kijicho hata maji hayakupita kooni. Alionea wivu zile safari, alionea wivu kile kicheko, alionea wivu hata kiatu kilichofungua mdomo. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kazini alisikia hadithi mara moja, na nyumbani akaisikia tena kwa mumewe, imetiwa chumvi.

"Umesikia ya dada na lifti?" mume angesema, kijiko kimesimama njiani.

"Nilikuwepo akisimulia."

"Eti lifti inaruka ghorofa ya tatu kama ina ugomvi nayo! Dada huyu!"

"Kula, chakula kinapoa," angejibu Mama Vifungo, na yeye mwenyewe hamu imemwisha.

Mwaka ule bosi alitangaza jambo. Alikuwa amechoka kutuma huyu leo na yule kesho. Alitaka mnunuzi mmoja wa kudumu, mtu wa kwenda jijini kila mwezi, mwenye posho yake na meza yake ofisini. Kati ya wote aliwataja wawili, Pasipoti na Mama Vifungo. Kila mmoja angekwenda safari moja, halafu angeamua.

Mama Vifungo hakulala vizuri tangu siku hiyo. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka na vitundu vya vifungo, na alijua kwamba mtu akikaa dirishani pale akaota mizizi, hang'oki tena. Aliitaka meza ile. Aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote ambacho si cha watoto wake.

Akatangulia yeye. Akavaa viatu vya zamani, akakaa upande wa dereva, stendi ya kwanza akaipita akiwa amekishikilia kiti. Akashuka stendi kuu. Akapata chumba cha uani, akalala fofofo. Akapanda ghorofa ya juu, akanunua majora ya kijani cha shule kwa bei nzuri, akarudi siku ile ile aliyosema atarudi. Hakupotea, hakuibiwa, hakuchubuka hata kidole.

Saa ya chai mashine zikazimwa. Akakalia jora. Bosi akaegemea mlango. Na hapo, mbele ya macho yote yale, Mama Vifungo aligundua kwamba hana cha kusema. Kila alipofungua mdomo, alikuta wifi yake ameshapita. Ya jua aliyasema yeye, ya wapiga debe ni yake, ya ghorofa ya juu pia.

"Nilikwenda," alisema. "Nikafika. Nikanunua. Nikarudi."

Wakasubiri. Mtu mmoja akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

"Mama Vifungo," akasema Kaka Pasi, "hiyo ni safari au ni risiti?"

Walicheka kweli kweli, na Pasipoti naye alicheka, kisha akamwonea huruma akasema, "Mwacheni wifi yangu, amechoka." Huruma ile ilimchoma kuliko kicheko. Mwenzake alikuwa amefaidi kupotea, akamwachia yeye kufika tu.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya Pasipoti. Jioni ya kuamkia safari alipita nyumbani kwa kaka yake kuaga, akaingia jikoni, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa kama alivyozoea.

"Wifi, wewe ndiye umetoka huko juzi," alisema. "Hebu nipe habari. Kuna kilichobadilika?"

Tangu waanze kujuana, ilikuwa mara ya kwanza Pasipoti kumwuliza njia. Mama Vifungo alikuwa akikatakata kitunguu. Angeweza kusema hapana, hakuna. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini lililotoka ni jingine.

"Stendi kuu imefungwa," alisema. "Wanaikarabati. Siku hizi watu wanashuka ile ya kwanza."

"We! Lakini hukutuambia kwenye chai."

"Mlinipa nafasi? Mlikuwa mnacheka."

Pasipoti akainama. "Kweli, tulikukosea. Nisamehe, wifi. Ahsante, ningejiendea tu kichwa mchunga." Akainuka, akamkumbatia kwa nyuma, kisu kikiwa bado mkononi mwa Mama Vifungo, akaenda zake.

Mama Vifungo alijiambia kwamba si kitu kikubwa. Atachelewa kidogo. Atachoka miguu. Bosi aone kwamba na mjuaji naye huteleza. Kitunguu kilimliza, au alisema ni kitunguu.

Siku ya kurudi ilifika, Pasipoti hakuonekana. Meza ya kukatia ilikaa tupu, mkasi wake mkubwa umelala juu yake, hakuna aliyethubutu kuushika. Simu yake haikupatikana. Mume wa Mama Vifungo alifika karakanani mchana na suruali ya kazi, amejaa vumbi la saruji, anauliza kama kuna aliyesikia lolote.

"Hajawahi kuchelewa," alisema. "Wewe mke wangu, aliposhika njia hakukwambia kitu?"

"Aniambie nini mimi?"

Alitoboa kitundu mahali ambapo hapakuwa na kifungo. Kwa hofu aliona majitu ya stendi ile yakimzunguka wifi yake, aliona mkoba ukinyakuliwa. Na pamoja na hofu hiyo, Mungu amsamehe, wivu haukuondoka. Karakana nzima ilikuwa ikimzungumzia Pasipoti tu. Bosi alikuwa akichungulia barabarani kila baada ya muda mfupi. Yeye alipokuwa safarini, nani alichungulia?

Kesho yake Pasipoti aliingia akichechemea, mkoba begani, na nyuma yake mchukuzi na majora machache, hayafiki nusu ya yaliyotakiwa. Alisalimia wote, akaomba maji, akayanywa amesimama. Hawakungoja saa ya chai. Mashine zilizimika zenyewe, mtu angesema umeme umekatika.

"Jamani nimeshuka stendi ya kwanza," alisema, na watu wakaguna kwa furaha. "Tena! Mimi! Nikateremka kwa maringo, nawatazama wale waliobaki ndani ya basi, nawahurumia. Nasema masikini, hawa hawana habari. Basi likaondoka. Nikangoja gari la mjini, wapi! Mara mvua ikashuka. Nikajificha chini ya kibanda cha muuza magazeti, naye kibanda chake kimetoboka, tukawa tunapokezana mahali pakavu, dakika zake, dakika zangu. Simu ikanywa maji kuliko mimi. Mvua ilipokata nikatembea mpaka kisigino kikachubuka. Kufika madukani, milango ndiyo inafungwa. Asubuhi napanda ghorofa ya juu, naambiwa mama, kijani cha shule kimechukuliwa karibu chote jana jioni, yamebaki majora haya tu. Na njiani kurudi napita stendi kuu, naikuta inang'aa! Imepigwa rangi, ina viti, ina hata ua kwenye chungu!"

Walicheka, walipiga meza. Mama Vifungo aliinua macho na kumkuta wifi yake anamtazama. Hakumtazama kwa muda mrefu.

Bosi peke yake hakuwa amecheka. Alikuwa akihesabu majora kwa macho. Shule ilingoja sare zile, na alishatoa ahadi.

"Umesema uliwahurumia, eti hawana habari," alisema. "Habari gani? Wewe ndiye uliyetufundisha sote tusishuke pale. Nani alikwambia ushuke?"

Mama Vifungo alikuwa na sindano mkononi, ikamchoma kidole, akakiweka mdomoni. Alijua yamekwisha. Mumewe atajua, karakana itajua. Mchimba kisima alikuwa ameingia mwenyewe, na alichongoja sasa ni maji tu.

Pasipoti alivuta uzi uliokuwa ukining'inia kwenye mkono wa gauni lake, akaukata kwa meno.

"Niliota, bosi," alisema. "Nilisinzia kwenye basi, nikaota stendi kuu imefungwa. Kondakta alipoita, nikakurupuka nikaamini ndoto."

Kaka Pasi aliangua kicheko, wengine wakafuata. Bosi alitikisa kichwa.

"Mnunuzi wa kuota simuwezi," alisema. "Wewe ni hodari wa mdomo, dada, na mkasi wako siupati kwingine. Lakini mimi nataka mtu wa kwenda, akafika, akanunua, akarudi." Akageuka dirishani. "Mama Vifungo, kuanzia mwezi ujao meza ni yako."

Wakampongeza. Mmoja alimpigia kigelegele, mwingine akamvuta ainuke, akasimama na vifungo vikamwagika kutoka mapajani vikatawanyika sakafuni. Ndicho alichokitaka. Kilikuwa kimewekwa mikononi mwake, na aliyekiweka alikuwa akienda kwenye meza yake ya kukatia, anachechemea, anaulizwa na watu kuhusu yule muuza magazeti.

Mama Vifungo alipiga magoti kuokota vifungo ili asionekane uso. Muda kidogo akaona mikono mingine mirefu inaokota pamoja naye chini ya dirisha, na kisigino kimoja kimefungwa kitambaa.

"Wifi," alianza. "Wifi, mimi siku ile jikoni…"

"Unaondoka lini? Mwezi ukiandama?" Pasipoti alimkatiza, hakuinua kichwa. Alisema polepole, sauti ya kumtosha mtu mmoja. "Beba mwavuli, huko mvua imeanza. Na yule wa ghorofa ya juu mpigie simu kabla, akuwekee mzigo wako. Mwambie umetumwa na mimi, atapunguza."

Mama Vifungo alitamani atukanwe. Alitamani apigwe kofi mbele za watu, wawe sawa. Wivu aliokuwa nao kwa kiatu na kwa kicheko haukuwa kitu. Sasa alimwonea wivu kwa lile neno moja alilolimeza mbele ya bosi, na hilo alijua yeye asingeliweza, hata angetumwa safari zote za dunia.

Pasipoti alimimina vifungo kwenye sinia, akajishika magoti, akainuka kwa taabu.

"Na usishuke stendi ya kwanza, wifi," alisema. "Hata akikwambia nani."