Talaka ya Kumzuia Dalali

Mwaka ule wakimbizi wa Kongo walipokuwa wakishuka ufukweni Kigoma boti kwa boti, kila mwenye nyumba Katubuka aligundua kuwa kuta zake ni dhahabu. Mashirika ya misaada yalitafuta nyumba, na Mzee Pastory akaitaka yake, ambayo Hamdani, fundi wa injini za boti, alikuwa ameipanga tangu ujana. Wakaburuzana hadi Mahakama Kuu, Tabora. Hamdani akashindwa. Sasa alikuwa ameomba ruhusa ya kukata rufaa, na ombi lilimsubiri jaji arudi kutoka likizo, huku amri ya kumtoa ikiwa tayari mkononi mwa Omari, dalali wa mahakama, mtu wa Ujiji.

"Tunatafuta muda tu," wakili wake alimwambia. "Jaji akirudi ataisimamisha amri. Wewe usitoke. Ukishatoka, Pastory anaingiza Wazungu, na humo huingii hata kumfuata paka wako."

Hamdani akaumiza kichwa hadi alasiri, kisha akaja jikoni akitabasamu, jambo ambalo mkewe Nasma hakulipenda.

"Mama Faridi, nikikuacha, utakaa eda wapi?"

"Humu humu. Mwanamke wa eda hatolewi nyumbani."

"Na Omari ni mtu wa msikitini. Basi nakupa talaka moja tu. Ruhusa ikija nakurejea, tunapika pilau."

Nasma aliendelea kuchambua dagaa. "Una hakika, baba Faridi?"

"Mimi ni fundi. Najua kulegeza nati na kuikaza."

"Basi tamka, majirani wasikie."

Akatamka barazani, kwa sauti ya muuza samaki.

Asubuhi lori likaja na wapagazi. Nasma akasema nyuma ya pazia, "Karibu kaka Omari. Niwie radhi sitoki, niko eda."

Omari akaurudisha mguu uliokwisha kukanyaga kizingiti. Alikuwa amewahi kutoa walevi, wachawi, na mzee mmoja aliyejifungia na mbuzi. Mwanamke wa eda, hapana. Akamwita shehe.

"Huyu hatolewi," shehe akasema. Hamdani akamkonyeza dalali. "Ila niulize, hii ni talaka ya ngapi?"

"Moja tu, shehe wangu."

"Ya tatu," pazia likasema. "Ya kwanza ilikuwa ya mchuzi wa samaki wa migebuka, eti chumvi imezidi. Akanirejea jioni. Ya pili nilikwenda harusini Kagunga bila kumuaga. Akanirejea pia."

"Zile zilikuwa za hasira. Nazo zinahesabiwa?"

"Hata zingekuwa za furaha," shehe akasema. "Hapa hakuna kurejea tena. Mama anabaki na eda yake. Wewe ndiye unayetoka."

"Nasma, kumbe ulijua?"

"Si nilikuuliza kama una hakika?"

Wapagazi, waliokwisha kukata tamaa ya kazi, wakainuka kwa moyo. Wakatoa sanduku la nguo na spana zake.

"Redio iacheni," pazia likasema.

Hamdani alikuwa na dada Ujiji; Omari, kwa utu, akamkalisha kiti cha mbele cha lori mpaka huko.

Jaji akarudi. Ruhusa ikatolewa, amri ikasimamishwa. Hamdani akaja mbio hadi dirishani.

"Nasma, tumepata ruhusa. Hatutolewi."

"Nani hatutolewi?"

Akajisahihisha. "Wewe."

"Mungu akuzidishie. Kesi iendeshe vizuri."

"Na eda ikiisha?"

"Shehe anasema kwako sirudi mpaka niolewe na mwingine, naye aniache. Na huyo akiwa anakula mchuzi bila kugomba, sijui kama nitakuwa na haraka."

Akigeuka, akakutana na Omari. Hakuwa na lori. Kanzu imenyooshwa, udi unanukia, mkononi kikapu cha migebuka.

"Omari, amri imesimamishwa."

"Najua, ndugu yangu. Leo sikuja kikazi. Eti, eda ya shemeji inaisha lini?"

Jioni ile wakili alishangaa kumwona mteja wake tena, akihema. Alitaka kujua kama eda nayo inaweza kusimamishwa na mahakama.