Utitiri Katika Mahindi ya Ng'washi

Mwaka wa mvua za El Nino, Ng'washi, mjane wa Malampaka, alivuna mahindi yangali na maji, kwa maana yangebaki shambani yangeoza. Aliyapukuchua, akajaza magunia sita na kuyapanga chumbani. Wiki ya tatu aliona vumbi jeupe juu ya magunia. Alilipangusa, likarudi, na mikono ikaanza kumwasha. Akafunga mlango na madirisha, akawasha jiko la mkaa humo ndani siku nne mfululizo ili mahindi yakauke.

Siku ya tano vumbi lilikuwa limefika sakafuni, nalo lilikuwa linatembea. Akamwita jirani yake, mzee Constantine, aliyekuwa mtunza ghala wa ushirika mpaka ghala lilipokodishwa kwa mfanyabiashara wa pamba.

Mzee alichota punje, akazinusa. "Huu ni utitiri, mayu, mama yangu. Ni vidudu vinavyofyonza unyevu wa hewani. Hewa ikikauka, vinakufa."

"Si ndiyo maana nimewasha moto?"

Constantine alionyesha madirisha. "Umefunga kila mahali. Mvuke ungetoka kupitia wapi? Umevipa joto juu ya unyevu, na hapo ndipo vinapozaana haraka."

"Sasa nifanyeje?"

"Jua kali, siku tatu."

Wote wawili walitazama nje. Mvua ilikuwa inanyesha kama jana na juzi.

Jioni Ng'washi alitwanga punje zilizoonekana nafuu, akapika ugali. Ulikuwa mchungu. Wanawe waliula, naye hakuwaambia kwamba hata mbegu ya msimu ujao ilikuwa kwenye magunia yaleyale.