Mbwa wa Kuitwa, Si wa Kutumwa

Agnesi alifunga ufito wa kumi na tisa, akaiuma kamba ya mgomba kwa meno ili mkono mmoja ubaki wa kushikilia mti. Ng'ambo ya mpaka, Pastory alikuwa ameegemea jembe lake. Halimi, haondoki. Alikuwa akiutazama uzio unavyokua kama msimamizi wa kibarua ambaye hakumwajiri.

"Hapo chini pamelegea," alisema. "Mbwa mwenye akili atapita."

"Huyu hana akili, shemeji. Angekuwa nayo asingekubali kuja kukaa jirani na wewe."

Marehemu mume wa Agnesi alikuwa binamu yake Pastory, ndiyo maana waliitana shemeji. Katika udugu wote, neno hilo tu ndilo lililobaki.

Mbwa mwenyewe alilala chini ya mchikichi, kamba shingoni, amewapa wote wawili mgongo. Alikuwa dume la rangi ya majivu, sikio moja limechanika. Tangu afike kijijini Ilagala siku tatu zilizopita alikuwa akinywa maji tu. Ugali aliunusa, akauacha.

Agnesi alimtoa Ujiji, kwa Mama Générose, Mrundi wa miaka mingi aliyekwisha kuwa mwenyeji. Wakimbizi wa Burundi wa safari hii walipovuka ziwa, walishuka ufukweni na watoto, magodoro, na wengine na mbwa wao. Malori ya kwenda kambini yalipakia watoto na magodoro. Mbwa waliyakimbiza malori mpaka pumzi zikawaishia, wakarudi kulala mchangani. Générose aliokota saba, akawalea uani kwake huku akiwatafutia watu. Majirani walimchukia kwa hilo. Waliokuwa wakienda msikitini walichoka kurudi nyumbani kubadili nguo kila mbwa alipowalamba njiani. Walimpa hadi mwisho wa mwezi. Ua ukiwa bado una mbwa, mgambo wangekuja na bunduki.

Ungedhani mwanamke wa namna hiyo angempa mbwa mtu yeyote apitaye. Agnesi alisimamishwa mlangoni kama mshitakiwa.

"Mbwa wako wa mwisho alikufaje?"

"Kwa uzee, Mama. Nilimzika nyuma ya jiko."

"Na huyu unamtakia nini?"

"Nyani. Mwaka jana walikula nusu ya mahindi yangu. Mwaka huu wakila tena, sina cha kula mpaka masika."

Générose alifungua kamba. "Huyu anaitwa Ndabazi. Jina usilibadili. Mwenye mbwa, Ndayikunda, yuko kambini; siku akitoka atapita vijijini akiita. Na jambo lingine: huyu hatumwi. Ukimwambia nenda, atakutazama tu. Anakwenda kwa anayemwita, palepale penye shida. Ndivyo alivyofundishwa."

Sasa, kwa Waha kama kwa Warundi, jina la mbwa ni barua. Mtu asiyetaka kugombana na jirani humpa mbwa maneno yake, kisha kila jioni anamwita kwa sauti. Ndabazi maana yake ninawajua. Ndayikunda huko kwao alikuwa na watu wa kuambiwa hivyo, na pengine alikuwa na haki. Lakini Agnesi aliposimama uani siku ya kwanza na kuita "Ndabazi!", upande ule wa pili palikuwa na nyumba moja tu.

Pastory alifika mpakani kabla mwangwi haujatulia.

"Unanijua kwa lipi?"

"Namwita mbwa, shemeji. Nimempokea na jina lake."

"Mihogo yako iliyong'olewa mwezi wa nne, ndiyo unayonisemea?"

"Sikuitaja mimi. Umeitaja wewe."

Kosa la Agnesi lilikuwa hilo jibu, angenyamaza tu. Pastory alikunja uso, akasema polepole: jina hilo akilisikia tena, au mbwa akivuka mpaka, atachanganya dagaa na sumu ya panya, na hataficha mkono.

"Wewe ulikuwa na mbwa anaitwa Mtachoka," Agnesi alimkumbusha. "Miaka sita. Je, mume wangu aliwahi kuuliza ni nani anayechoshwa?"

"Mume wako alikuwa mtu mzima."

Kwa hiyo Agnesi alianza uzio, na akamwita mbwa Simba. Simba njoo, Simba kula. Mbwa aligeuzia ukuta uso wake. Usiku Agnesi alijiuliza kama si heri amrudishe, kisha akakumbuka bunduki.

Alasiri hiyo ya ufito wa kumi na tisa, uzio ulikuwa umebakiza pengo la hatua tano. Agnesi aliinama kuokota kamba nyingine, akasikia mabua yakivunjika. Nyani walikuwa wameteremka kutoka mlimani, kundi zima, na safari hii waliingia shamba la Pastory.

Pastory alikimbia na jembe, akapiga kelele, akarusha mawe. Dume kubwa lilikaa chini likamenya hindi huku likimtazama. Wengine hawakugeuka hata kichwa.

Mbwa alikuwa amesimama, manyoya ya mgongo yamesimama pia. Agnesi alimfungua kamba. "Nenda," alisema. Mbwa alimtazama tu.

"Mlete huyo mbwa!" alipaza Pastory.

"Haletwi. Anakwenda kwa anayemwita."

"Basi mwite!"

"Umenikataza, shemeji. Mwite wewe."

Mabua mengine yakavunjika. Pastory alitazama mahindi yake, akatazama nyumba ya Agnesi.

"Simba," aliita.

Mbwa alipiga miayo.

Ndipo Pastory alipojaza kifua, akaita jina lenyewe, mara moja, kwa sauti iliyofika ziwani. Mbwa alipita penye pengo kama jiwe la kombeo. Dume lile liliacha hindi, kundi likatimka kuelekea mlimani, watoto wamening'inia matumboni mwa mama zao.

Mbwa alirudi akichechemea, begani ana jeraha, akalala katikati ya pengo. Agnesi alimwekea ugali hapohapo. Safari hii alikula.

Pastory alikuja akipanguza jasho.

"Nimesikia unanijua," alisema Agnesi. "Kijiji kizima kimesikia. Unanijua kwa lipi?"

"Nilimwita mbwa."

"Ndivyo nilivyokwambia mimi."

Jua lilikuwa limeshagusa maji.

"Ile sumu?" aliuliza Agnesi.

"Ipo."

"Na dagaa?"

"Dagaa nimekula." Akaupiga teke mti wa mwisho, ukatikisika. "Na huu hujauchimbia vizuri. Kesho uurudie."

"Kesho," alisema Agnesi, akakusanya fito zilizobaki, akazilaza chini kando ya pengo, mbwa asisumbuke kuhama.