Kome wa Hosiana

"Zibua hapo, dada, maji mapya yaingie! Samaki wanakufa hao!" Lenard, mdogo wake, alipiga kelele kutoka ng'ambo ya bwawa, suruali kaikunja magotini.

Hosiana hakuondoka juu ya ubao wa kutolea maji. Perege wake mia tatu walielea juu, midomo wazi, wakigombea hewa. Miezi minane ya kuwalisha pumba! Loo, roho ilimuuma.

Na kosa lilikuwa lake. Alileta magugu maji kutoka bwawa moja la mbali, apate kuwawekea samaki kivuli, asijue mizizi imebeba kome wadogo kama punje za ulezi. Wakazaana hadi wakafunika mawe. Maji yakang'aa, Hosiana akatamba Makambako nzima kwamba kwake mtu anajitazama uso. Jana ndipo Jeni, bibi uvuvi, alipochungulia na kutikisa kichwa. "Mama, ule ukijani wa majini ndio uliowapa samaki hewa. Kome wameula, na hewa iliyobaki wanaivuta wao."

"Nikizibua, watoto wa kome wanaingia mtoni," Hosiana alimwambia Lenard. "Huko chini wanavua watu wote. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hili langu halivuki ubao huu."

"Mbishi wewe!" Lenard alisema, akapanda kilimani kuita mgowe.

Majirani wakaja na ndoo, mgowe ukawa huo, kazi ya pamoja ambayo safari hii haikuwa hata na pombe ya ulanzi. Wakachota maji na kuyamwaga kutoka juu yashike hewa, wakachota, wakamwaga, povu likatapakaa. Wengine wakabandua kome na kuwarundika juani.

"Kamwene, mama maji safi!" walimsalimu kwa utani. Hosiana alicheka huku analia.

Hadi adhuhuri walikufa perege arobaini. Waliobaki wakaanza kuzama, mmoja mmoja, wakarudi kwao chini.

Tangu hapo, kila asubuhi aliingia majini kubandua kome, vidole vikachubuka. Lenard alikuja siku nyingine, siku nyingine hakuja.

Wiki ya tano alimkuta Hosiana amepiga magoti ukingoni, ameinamia maji.

"Vipi tena, dada? Wamekufa?"

"Njoo utazame."

Lenard akainama kando yake. Maji yalikuwa mazito, ya kijani kama mboga ya maboga. Hakuona uso wake, wala wa Hosiana.

Hosiana akarusha pumba kiganja kimoja, wakangoja perege wapande.